Faida Ipo, Pesa Iko Wapi?

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote halina jina la kihasibu. Huja hivi: "Mhasibu ameniletea hesabu za mwaka, anasema nimepata faida ya milioni 19. Akaunti ina laki nne. Nani ananiibia?"

Mara nyingi hakuna anayemwibia. Pesa yake imelala stoo, nyingine iko kwa makandarasi watatu waliochukua saruji na nondo kwa maneno matupu, na nyingine ni lile guta jipya lililoegeshwa mlangoni. Kuna karatasi moja inayoonyesha safari hiyo yote, na ndiyo ambayo wenye biashara wengi huiruka wakikimbilia mstari wa faida na mstari wa kodi. Inaitwa taarifa ya mtiririko wa fedha. Nitakuonyesha namna ya kuisoma ukiletewa na namna ya kuiandaa wewe mwenyewe kwa kalamu na daftari, pamoja na mitego ambayo nimewaona watu wakinasa ndani yake, mimi nikiwemo.

Kwa nini faida na pesa hazifanani

Mhasibu huandika mauzo siku mzigo unapotoka dukani, hata kama mteja atalipa baada ya miezi mitatu. Huandika gharama siku inapotumika, hata kama bado hujailipa. Hakosei. Ndivyo anavyojua kama biashara yenyewe inaleta tija. Lakini benki haipokei mauzo yaliyoandikwa, na mwenye nyumba hapokei faida. Mambo yanayozitenganisha ni haya:

- Wadaiwa. Umeuza, faida imeandikwa, pesa bado iko kwa mteja.
- Mzigo. Umelipa pesa taslimu, lakini bidhaa isiyouzwa si gharama bado. Inakaa kwenye mizania kama mali.
- Wadai. Umechukua mali kauli. Gharama itaandikwa ukiuza, pesa utatoa baadaye. Hapa pesa inakuwa nyingi kuliko hesabu inavyosema, kwa muda.
- Uchakavu. Guta ulilipia siku moja, lakini gharama yake inagawanywa kwa miaka.
- Mkopo. Ukiingia si mapato, ukilipwa si gharama. Riba peke yake ndiyo gharama.
- Pesa ya nyumbani. Ada za watoto, msiba, bati za kule kijijini. Havionekani kwenye faida na hasara, ila droo inavijua vizuri.

Kodi ya pango nayo husumbua, maana wenye nyumba wengi hudai ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Pesa inatoka yote Januari, gharama inaandikwa kidogo kidogo kila mwezi.

Duka la mfano

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, la mtu mmoja, ambalo halijafikia kiwango cha kusajiliwa VAT. Nimelitunga, lakini namba zake zinafanana na nyingi nilizowahi kuziona. Hesabu ya faida na hasara ya mwaka:

- Mauzo: Sh 180,000,000
- Gharama ya bidhaa zilizouzwa: 139,000,000
- Pango, mishahara, umeme, usafiri: 17,000,000
- Uchakavu: 3,000,000
- Riba: 2,000,000
- Faida kabla ya kodi: 19,000,000

Na hii ndiyo taarifa ya mtiririko wa fedha ya mwaka huohuo.

*Fungu la kwanza: shughuli za uendeshaji*

- Faida kabla ya kodi: 19,000,000
- Ongeza uchakavu: 3,000,000
- Punguza ongezeko la wadaiwa (kutoka 6,000,000 hadi 17,500,000): (11,500,000)
- Punguza ongezeko la mzigo stoo (kutoka 22,000,000 hadi 30,000,000): (8,000,000)
- Ongeza ongezeko la wadai (kutoka 5,000,000 hadi 9,000,000): 4,000,000
- Kodi ya mapato iliyolipwa: (3,500,000)
- Pesa iliyotokana na uendeshaji: 3,000,000

*Fungu la pili: uwekezaji*

- Ununuzi wa guta la mizigo: (8,500,000)

*Fungu la tatu: mikopo na mtaji*

- Mkopo mpya: 15,000,000
- Marejesho ya mkopo, bila riba: (6,000,000)
- Alichochukua mwenye duka: (6,200,000)
- Jumla ya fungu: 2,800,000

*Hitimisho*

- Pesa imepungua kwa: (2,700,000)
- Pesa mwanzo wa mwaka: 3,100,000
- Pesa mwisho wa mwaka: 400,000

Hiyo ndiyo laki nne. Hakuna mwizi.

Namba zilizo kwenye mabano ni pesa iliyotoka. Ni desturi ya wahasibu duniani kote, kwa hiyo usidhani ni maelezo ya pembeni. Nimewahi kumwona mtu akijumlisha mabano yote kama mapato, akafurahi kwa dakika kumi.

Soma kuanzia chini

Wengi huanza juu, wakachoka kabla ya kufika mahali penye habari. Jaribu mpangilio huu:

1. Nenda mstari wa mwisho. Je, Sh 400,000 ndiyo iliyokuwepo kweli siku hiyo, ukijumlisha droo, benki na simu? Kama sivyo, usisome zaidi. Irudishe kwa aliyeiandaa.
2. Panda hadi jumla ya uendeshaji. Hapo ndipo moyo wa biashara unapopimwa: kununua na kuuza peke yake, bila mkopo wala kuuza mali, kumeleta shilingi ngapi?
3. Iweke kando ya faida. Hapa ni 3,000,000 dhidi ya 19,000,000. Tafuta mistari iliyoila tofauti hiyo. Huhitaji mtaalamu kuona kwamba ni wadaiwa na stoo.
4. Iweke kando ya marejesho. Uendeshaji umeleta milioni 3, marejesho ni milioni 6. Maana yake mkopo wa zamani unalipwa na mkopo mpya.
5. Mwisho ndipo uangalie uwekezaji. Mabano kwenye fungu hilo si ubaya. Ni dalili kwamba biashara inanunua vitendea kazi. Swali ni pesa ya kununulia ilitoka wapi.

Ukifuata hatua hizo, duka letu linasema lenyewe. Marejesho, pesa ya nyumbani na guta vimekula milioni 20.7. Uendeshaji umetoa milioni 3, mkopo milioni 15, na milioni 2.7 zimechotwa kwenye akiba ya mwanzo. Wadaiwa wangebaki milioni 6 kama mwaka uliotangulia, uendeshaji ungeleta milioni 14.5. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule mkopo mwenye duka amewakopea wateja wake. Yeye analipa riba, wao hawalipi.

Njia mbili, jibu moja

Msomaji mmoja aliniuliza kwa nini mhasibu wake anaanza na faida ilhali yeye anataka kujua pesa. Kuna njia mbili. Ile niliyoionyesha juu huanza na faida, kisha hurudi nyuma ikiondoa kila kisicho pesa. Nyingine huhesabu pesa moja kwa moja:

- Iliyopokelewa kutoka kwa wateja: 168,500,000
- Iliyolipwa kwa wauzaji wa jumla: (143,000,000)
- Pango, mishahara na mengine: (17,000,000)
- Riba: (2,000,000)
- Kodi ya mapato: (3,500,000)
- Uendeshaji: 3,000,000

Kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayosimamia taarifa hii, IAS 7, inaruhusu zote mbili. Wahasibu hupenda ya kwanza kwa sababu inaandaliwa kutokana na vitabu walivyonavyo tayari. Mimi mwenye duka ninamshauri ya pili, maana kila mstari ni kitu anachokijua kwa macho: wateja walinipa hiki, wauzaji nikawapa kile.

Ukiona riba imewekwa fungu la tatu badala ya la kwanza, usiite kikao. Mpaka sasa kampuni nyingi zina hiari hapo. Kanuni mpya ya IFRS 18, inayoanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanzia Januari 1, 2027, itaondoa hiari hiyo na kuipeleka riba inayolipwa fungu la tatu kwa kampuni nyingi. Cha muhimu kwako ni ikae palepale mwaka hadi mwaka ili uweze kulinganisha.

Iandae mwenyewe, mwezi mmoja tu

Usianze na mwaka mzima, utaacha njiani. Chagua mwezi uliopita.

1. Andika pesa ya mwanzo. Kila mfuko peke yake: droo, benki, M-Pesa, Airtel Money, laini ya lipa namba, na ile bahasha iliyo kabatini ambayo mke au mume hajaambiwa. Bahasha nayo ihesabiwe.
2. Chukua taarifa za akaunti za benki na za simu, za mwezi mzima. Chukua na daftari la droo.
3. Kata uhamisho. Ukitoa laki tano kwenye lipa namba ukaweka benki, hujauza wala hujanunua. Piga mstari pande zote mbili, ubakize makato tu. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofanya mauzo yaonekane maradufu.
4. Tia alama kila muamala uliobaki. U kwa uendeshaji, W kwa uwekezaji, M kwa mikopo, mtaji na pesa ya nyumbani.
5. Rejesho la mkopo ligawe mara mbili. Chukua jedwali la marejesho ulilopewa siku ya kukopa. Riba iende U, kilichobaki kiende M. Kama hukupewa jedwali, lidai. Mkopo usio na jedwali, hasa huu wa riba kali unaoitwa kausha damu, ndio ambao mtu hulipa miezi sita na asijue deni limebaki kiasi gani.
6. Jumlisha kila alama. Pesa ya mwanzo, jumlisha mafungu matatu, upate pesa ya mwisho.
7. Hesabu pesa halisi ya mwisho. Linganisha.

Mara ya kwanza haitalingana. Kabla hujamwita kijana wa dukani, jaribu vipimo vya zamani vya wahasibu. Gawanya tofauti kwa 2: ukipata kiasi unachokikumbuka, huenda umeweka kilichotoka upande wa kilichoingia. Gawanya kwa 9: ikigawanyika bila baki, huenda umegeuza tarakimu, mathalani 820,000 ukaiandika 280,000, na tofauti ya 540,000 inagawanyika kwa 9 barabara. Kisha tazama makato ya simu na ya benki. Ni madogo moja moja, ila kwa mwezi hufika mahali.

Ikiwa baada ya hayo yote pengo bado lipo, na mwezi unaofuata limerudi likiwa na ukubwa uleule, sasa una sababu ya kuuliza maswali dukani. Kumbe karatasi hii humkamata mwizi pia, ila kwanza inamwondolea lawama asiye mwizi.

Neno moja la tahadhari, na hili nimelilipia mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwandalia mteja taarifa iliyolingana hadi senti ya mwisho. Ililingana kwa sababu pengo la milioni moja na ushee nilikuwa nimelifukia kwenye mstari unaoitwa "mengineyo". Bosi wangu hakugomba. Aliweka kidole kwenye mstari ule na kuuliza, "Mengineyo ni nani?" Nilirudi kwenye mafaili siku mbili. Ulikuwa mkopo kutoka kwa shemeji wa mteja, umeingia kwa simu, nami nikauhesabu kama mauzo. Tangu hapo sipokei "mengineyo" iliyo kubwa kuliko nauli.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

- Mkopo kuandikwa mauzo. Ukiingia kwa simu unafanana na malipo ya mteja. Andika chanzo siku hiyohiyo.
- Malipo ya awali kuonekana faida. Fundi wa samani anapokea nusu ya bei ya makochi kabla ya kununua mbao. Ni pesa iliyoingia, fungu la uendeshaji, sawa. Lakini ni pesa yenye deni la kazi. Ukiitumia kulipia pango, mbao za mteja huyu zitanunuliwa na malipo ya awali ya mteja anayefuata. Mzunguko huo hukatika siku oda zinapopungua, na hapo ndipo mafundi huanza kuzima simu.
- Pesa ya uwakala kuchanganywa na ya duka. Floti si yako kwa maana ya kutumia. Ipe mfuko wake na daftari lake.
- Kuhesabu hundi ya tarehe ya mbele kama pesa. Ni ahadi iliyochapwa vizuri. Ibaki kwenye wadaiwa mpaka benki ikiri.
- Kuandika kitu ambacho pesa haikupita. Ukichukua jokofu kwa mkopo wa muuzaji bila kutoa hata shilingi, haliingii kwenye taarifa hii leo. Litaingia kadiri unavyolipa.
- Kuhesabu amana ya mwaka mmoja kama pesa mkononi. Kwa kawaida ya kihasibu, kinachokaribia kuwa pesa ni kile kinachoiva ndani ya miezi mitatu tangu ukinunue. Zaidi ya hapo ni uwekezaji.
- Kuogopa mwezi mmoja wenye mabano. Muuza sare za shule atakuwa na uendeshaji hasi Novemba na Desemba, kwa sababu anajaza vitambaa. Ni kawaida yake. Februari ikiwa bado hasi, hapo pana neno.

VAT na kodi: pesa ya mtu mwingine kwenye droo yako

Nataka tukae hapa kidogo, hasa kwa waliosajiliwa VAT Tanzania Bara. Tuseme Juni 25 umeipa kampuni moja, mteja wako, mzigo kwa ankara ya Sh 11,800,000. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, ndani yake mna Sh 1,800,000 ya VAT. Mteja atalipa Septemba. Lakini ritani ya Juni inatakiwa ifikapo Julai 20, na hesabu ya VAT haisubiri mteja alipe. Ankara ikishatoka, kodi inahesabiwa. Utakata VAT uliyolipa kwenye manunuzi yako, na kilichobaki utakitoa mfukoni. Yaani unamkopesha mteja mzigo, kisha unamkopesha na kodi yake.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali oda kubwa ya mkopo, uliza mambo mawili: ankara itatoka lini, na VAT yake nitailipa kwa pesa ipi? Kuitoa ankara tarehe 1 ya mwezi mpya badala ya tarehe 30, mzigo nao ukitoka siku hiyohiyo, hukupa takriban mwezi mzima wa kupumua. Si ujanja wa kukwepa kodi. Ni kujua kalenda.

Kodi ya mapato nayo ina tarehe zake. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, makadirio hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani leo. Ukisajiliwa VAT, fungua akaunti ya pili na uhamishie sehemu ya kodi kila Jumamosi. Akaunti hiyo usiitolee kadi.

"Lakini biashara yangu ni ndogo"

Huo ndio upinzani wa kwanza, nami nauheshimu. Genge la mboga linalonunua alfajiri na kumaliza jioni halihitaji mafungu matatu. Mfuko wake ni mmoja na siku yake ni moja. Lakini ukishakuwa na stoo, ukikopesha hata watu watano, au ukiwa na mkopo wa VICOBA, wa SACCOS au wa benki, umeshavuka mstari.

"Mimi sikopeshi mtu." Vizuri, basi mstari wako wa wadaiwa ni sifuri. Tazama wa stoo. Duka la vipodozi lisilokopesha linaweza kuzikwa na rangi za kucha ambazo hakuna anayezitaka.

"Programu ya simu inanitolea taarifa yote." Programu inajua ulichoiambia. Kama mauzo ya lipa namba yanaingia lakini elfu kumi za nyanya unazochota jioni haziingii, itakutolea taarifa nzuri ya biashara ambayo si yako.

"Nina mhasibu." Basi mwulize maswali haya, na usimwachie mpaka ajibu kwa Kiswahili cha kawaida:

- Uendeshaji umeleta kiasi gani, na kwa nini ni tofauti na faida?
- Wadaiwa wangapi wamepita siku 60, na ni akina nani kwa majina?
- Marejesho ya mwaka ujao ni kiasi gani, na yatalipwa na fungu lipi?

Mtu akikuonyesha ya kwake

Siku nyingine karatasi si yako. Unataka kuingia ubia, kununua biashara, kununua hisa, au kumpa duka kubwa mzigo kwa mkopo. Hapo angalia mtego mmoja kuliko yote: uendeshaji unaopendeza kwa sababu wadai wamevimba. Asiyewalipa wauzaji wake huonekana ana pesa nyingi. Ukiona mstari wa ongezeko la wadai ndio unaobeba fungu zima, jua kwamba na wewe unaombwa ujiunge kwenye mstari huo.

Afrika Mashariki tuna somo lake. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na maduka Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 rafu zilianza kuwa tupu kwa sababu wauzaji waliochoka kutolipwa waliacha kupeleka bidhaa. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Kampuni hiyo haikuwa kwenye soko la hisa, hivyo muuzaji wa maziwa au sabuni hakuwa na taarifa ya kusoma. Alichokuwa nacho ni daftari lake: siku 30 za kulipwa zikawa 60, zikawa 90. Hiyo nayo ni taarifa ya mtiririko wa fedha, imeandikwa kwa upande wa pili.

Igeuze itazame mbele

Ukishaandaa miezi mitatu iliyopita, chora wiki 13 zijazo kwenye ukurasa mmoja. Kila wiki na safu yake: pesa ya mwanzo, itakayoingia, itakayotoka, ya mwisho. Kanuni ninazotumia ni chache.

Mauzo ya taslimu yakadirie kwa wiki dhaifu, si kwa wiki ya Idi. Mdaiwa mweke kwenye wiki aliyolipa mara ya mwisho, si wiki aliyoahidi. Aliyesema "wiki ijayo" Machi akalipa Mei, mweke Mei. Kama wateja wako ni wakulima, pesa yao hufuata mavuno, na hakuna kupiga simu kutakakoivisha mahindi. Kama ni makandarasi wa miradi ya umma, ongeza mwezi juu ya tarehe waliyokupa. Zinazotoka ziandike zote, na za nyumbani zipe kiwango maalumu cha kila wiki, hata kiwe kidogo, kiitwe mshahara wako.

Kisha tafuta wiki ambayo mstari wa mwisho unaingia kwenye mabano. Ukiiona wiki ya tisa, una wiki nane za kufanya kitu: kuahirisha guta, kuomba muuzaji akusogezee siku, kupunguza oda. Ukiiona Ijumaa ya mshahara, una kausha damu tu.

Na yule mwenye duka wa Morogoro? Ningemwambia asikope tena kabla ya kugusa ule mstari wa milioni 17.5. Akirudisha wadaiwa hadi milioni 10, anapata milioni 7.5 isiyo na riba, zaidi ya marejesho ya mwaka mzima. Aanze na mkubwa wa wale makandarasi watatu. Asimpigie simu ya kumkumbusha deni. Aende saiti asubuhi, na karatasi mkononi yenye tarehe za kila mzigo na kiasi chake, wakubaliane awamu tatu zenye tarehe, na kila mmoja atie saini. Saruji inayofuata itoke stoo baada ya awamu ya kwanza kuingia kwenye lipa namba.